Alumini haichimbwi ikiwa inang'aa

Sokoni Kongowea, hapa Mombasa, sufuria hupangwa moja ndani ya nyingine, na wengi wetu tumekua tukiamini kwamba kampuni kubwa za alumini kama Alcoa ya Marekani huchimba alumini ardhini kama dhahabu, ikiwa tayari inang'aa. Sivyo.

Kinachochimbwa ni boksiti, udongo wa mawemawe ambao mara nyingi ni mwekundu. Guinea ina hazina kubwa mno ya udongo huo. Boksiti huchemshwa kwa kostiki soda hadi upatikane unga mweupe, alumina. Unga huo huyeyushwa ndani ya chumvi iitwayo krayolaiti, kwenye joto la nyuzi 960 hivi, kisha hupitishwa umeme mwingi ajabu, na hapo ndipo alumini hujitenga na kutua chini. Njia hii ilivumbuliwa 1886 na Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kivyake.

Tani 4 hadi 5 za boksiti hutoa tani 1 tu ya alumini. Ndiyo maana naumia nikiona sufuria iliyotoboka imetupwa jaani: kuiyeyusha upya huhitaji takriban asilimia 5 tu ya nishati inayotumika kutengeneza alumini mpya kutoka boksiti.