Usukani wa Pawa Hauharibu Gari la Mbio
Imeaminika kwa muda mrefu kwamba gari la kukimbizia uwanjani sharti liondolewe usukani wa pawa (unaosaidiwa na pampu ya mafuta ili uzunguke kwa urahisi) ili dereva aihisi barabara. Hoja hiyo ina ukweli kiasi tu. Katika Mazda MX-5 ya kwanza, gari dogo la michezo lililotoka mwaka 1989, usukani usio na pawa una uwiano wa polepole zaidi, yaani magurudumu hugeuka kidogo zaidi kwa kila mzunguko wa usukani, hivyo gari likianza kuteleza upande wa nyuma, dereva hulazimika kuuzungusha zaidi ndipo alirudishe. Tena, kuondoa mkanda wa pampu peke yake hakuleti usukani halisi usio na pawa, kwa kuwa pistoni iliyomo ndani ya mfumo wa usukani huendelea kusukumana na mafuta kila unapokata kona. Hata magari ya Formula 1 hutumia usukani wa pawa. Kwa matairi mapana yanayoshika sana, ambayo huufanya usukani kuwa mzito, mimi ningeiacha pampu mahali pake.