Je, wajua kwa nini shule zilizokwisha kufungwa bado zinawaumiza wajukuu nchini Kanada?

Kuanzia miaka ya 1880 hadi miaka ya 1990, watoto wapatao 150,000 wa wenyeji wa asili wa Kanada walipelekwa katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na, kwa muda mrefu, kuendeshwa na makanisa, kwa lengo la kuwatenga na wazazi, lugha na mila zao. Mwaka 1920 sheria iliipa serikali uwezo wa kuwachukua kwa lazima. Leo hata watu ambao hawakuzikanyaga shule hizo wanasumbuliwa na madhara yake, na swali ni madhara hayo yamewafikiaje.

Njia ya kwanza ni njaa. Kati ya mwaka 1948 na 1952, wataalamu wa lishe wa serikali waliowakuta wanafunzi na utapiamlo waliwafanyia majaribio katika shule sita, bila idhini ya wazazi. Katika shule ya Alberni, jimboni British Columbia, watoto waliokuwa wakipewa maziwa chini ya nusu ya kiwango kilichopendekezwa waliachwa hivyohivyo kwa miaka miwili, ili wataalamu wapate kipimo cha kulinganishia watakapoongezewa. Baadhi ya shule zilinyimwa hata huduma ya meno, kwa sababu hali ya fizi ilikuwa mojawapo ya vipimo. Watoto hao walikuwa chini ya ulinzi wa serikali iyo hiyo.

Mtoto anayeshinda na njaa miaka mingi hudumaa, na mwili wake huzoea kuweka akiba ya mafuta. Akija kupata chakula cha kutosha ukubwani, hunenepa kwa urahisi, na insulini, homoni inayodhibiti sukari katika damu, hushindwa kufanya kazi ipasavyo, hali inayofungua mlango wa kisukari cha aina ya pili. Msichana aliyedumaa akishika mimba, hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo huwa kubwa. Na akiwa na kisukari wakati wa ujauzito, sukari iliyozidi katika damu yake humfikia mtoto tumboni na kumwongezea uwezekano wa kuugua ugonjwa huohuo.

Njia ya pili ni malezi. Mtu hujifunza kulea kwa kulelewa, na watoto hawa walikulia mahali walipoadhibiwa kwa kusema lugha ya mama, na wengi wao wakapigwa na kunajisiwa. Utafiti wa Amy Bombay na wenzake umeonyesha kwamba wenyeji ambao wazazi wao walipitia shule hizo wana dalili nyingi zaidi za sonona kuliko wenyeji wenzao ambao wazazi wao hawakuzipitia, na dhiki huongezeka pale mzazi na babu au bibi wote walipozipitia. Kwa kuwa waliolinganishwa wote ni wenyeji, hoja ya kwamba tatizo limo katika asili yao haina mashiko.

Mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Kanada, iliyochunguza shule hizo, ilizitaka serikali zikiri kwamba hali ya sasa ya afya ya wenyeji imetokana moja kwa moja na sera za awali za serikali ya Kanada, zikiwemo shule hizo. Na kuhusu lugha ambazo shule hizo zilikusudia kuwatenga nazo, huko British Columbia watafiti waligundua kwamba jamii ambazo wengi wa watu wake bado wanazungumza lugha yao zilikuwa na vijana wachache mno waliojiua, au hawakuwapo kabisa.