Kuiita sabneti "private" hakuifungi

Wengi wakiandika Terraform (msimbo wa kuunda mitambo ya wingu) ya VPC, yaani mtandao wako binafsi kule AWS, wingu la Amazon, wanadhani ukishaipa sabneti, kipande cha mtandao huo, jina "private" basi imejifunga, aisee hapana, hiyo ni lebo tu, kama kibao cha "mbwa mkali" getini na mbwa mwenyewe huna. Kinachoamua ni jedwali la njia (route table), orodha ya trafiki ipite wapi: likiwa na mstari wa 0.0.0.0/0, yaani anwani zote, kwenda geti la intaneti, sabneti iko wazi kwa nje.

Mimi iliniponza hivi, mstari huo niliuweka kwenye jedwali kuu, lile la sabneti zisizopewa jedwali lake, halafu sabneti ya databesi nikasahau kuiandikia aws_route_table_association, ya kuiunganisha na jedwali lake, ikarithi jedwali kuu kimyakimya na amri ya terraform apply wala haikulalamika. Databesi ikitaka apdeti tu, ipitishe kwenye NAT, mlango wa kutokea tu, inatoka yenyewe ila wa nje hawezi kuanza kuwasiliana nayo.