Kanda za Nixon: maana yake nini?

Ukisikia watu wanataja "kanda za Nixon", wanazungumzia maongezi ya faragha ya Rais Richard Nixon wa Marekani, yaliyorekodiwa kwa siri ofisini mwake kati ya Februari 1971 na Julai 1973. Aliyetega vinasa sauti hakuwa jasusi wa Moscow. Nixon mwenyewe ndiye aliyeagiza, walinzi wake wakavificha mezani pake, na simu nazo zikaunganishwa. Wageni hawakuambiwa kitu.

Marais waliomtangulia, Kennedy na Johnson, walirekodi pia, ila wao waliuwasha mtambo walipotaka. Wa Nixon ulijiwasha wenyewe kila uliposikia sauti, ukazoa ya heshima na ya aibu, zaidi ya saa 3,000.

Siri ilifichuka tarehe 16 Julai 1973, pale msaidizi wake wa zamani, Alexander Butterfield, alipoulizwa na kamati ya Seneti iliyokuwa ikichunguza kashfa ya Watergate, yaani watu wa kampeni ya Nixon kuvunja na kuingia ofisi za chama pinzani cha Democratic mwaka 1972, na juhudi za kuficha jambo hilo. Nixon aligoma kuzitoa. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikamwamuru, majaji 8 kwa 0. Katika kanda ya 23 Juni 1972 anasikika akikubali CIA, shirika la ujasusi, itumike kuwazuia FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, wasiendelee na upelelezi wa kashfa hiyo. Alijiuzulu 9 Agosti 1974. Kanda nyingine ina pengo la dakika 18 na nusu. Katibu muhtasi wake alisema labda alifuta dakika kama tano kwa bahati mbaya akipokea simu. Zilizobaki, kila mtu na dhana yake.

Kwetu kuna kanda inayouma zaidi. Oktoba 1971 Umoja wa Mataifa uliipa China ya Beijing kiti cha China kilichokuwa kikishikwa na Taiwan, na wajumbe wa Tanzania wakacheza kwa furaha ukumbini. Siku ya pili Ronald Reagan, wakati huo gavana wa California, alimpigia Nixon simu akawaita wajumbe wa Afrika nyani ambao hata kuvaa viatu hawajazoea. Nixon akacheka. Maneno hayo yalifichwa hadi 2019, Reagan akiwa ameshafariki.

Balozi wetu pale alikuwa Salim Ahmed Salim. Mwaka 1981 aligombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, na Marekani, Reagan akiwa rais, ikampigia kura ya turufu duru baada ya duru.