Uhai nje ya Dunia utaiuliza dini swali gani hasa?

Kila ninapomaliza mhadhara kuhusu utafutaji wa uhai nje ya Dunia, mkono wa kwanza kunyooshwa huwa na swali lile lile: siku viumbe hao watakapopatikana, dini zitapona? Zamani nilikuwa nikijibu papo hapo. Siku hizi humwuliza kwanza mwulizaji kama anaihofia dini yake au ya jirani, na karibu kila mara huwa ni ya jirani. Mwanatheolojia wa Marekani Ted Peters alilichunguza jambo hili kwa dodoso mwaka 2008, akapata majibu ya watu zaidi ya 1,300 wa imani mbalimbali pamoja na wasio na dini. Waumini wengi walisema imani yao wenyewe isingetikisika, ilhali waliotabiri msukosuko kwa wingi zaidi walikuwa wale wasio na dini yoyote. Najua kwamba mtu kusema atakavyotenda na kutenda kwenyewe ni mambo mawili, lakini hata hivyo matokeo hayo yanapaswa kutupunguzia haraka ya kuwaandalia wengine matanga.

Mimi ni mwanahistoria wa sayansi, na historia inaonyesha kwamba habari za namna hii tumekwisha kuzipokea. Tarehe 7 Agosti 1996 Rais Bill Clinton alisimama katika viwanja vya Ikulu ya Marekani kuzungumzia ALH84001, jiwe lililotoka Mirihi na kuokotwa Antaktika mwaka 1984, ambalo David McKay na wenzake walieleza kuwa huenda lina mabaki ya vijiumbe vya kale. Habari ilienea duniani kote, na hakuna dini iliyotikisika. Miaka iliyofuata wataalamu wengi waliridhika kwamba dalili zile zaweza kuelezwa kwa kemia isiyohitaji uhai. Mwaka 2020 ikaja zamu ya fosfini, gesi ambayo hapa Duniani huhusishwa na vijiumbe, iliyodaiwa kuonekana katika angahewa ya Zuhura, na mwaka 2025 zamu ya K2-18b, sayari ya nyota nyingine iliyo umbali wa takribani miaka nuru 124 (mwaka nuru ni umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja), ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walisema wameona dalili za kemikali ambayo hapa kwetu hutolewa hasa na viumbe wa baharini. Madai yote mawili yakazua ubishi ambao haujaisha. Ndiyo maana wanasayansi wa NASA walipendekeza mwaka 2021 kipimo chenye ngazi saba, ili kila tangazo lieleze limefikia ngazi ipi ya uthibitisho. Kwa hiyo anayengoja asubuhi moja ambayo binadamu wote wataamka na kuambiwa kwamba hawako peke yao, nadhani atangoja sana. Uhakika utapanda ngazi kwa ngazi, kwa miaka mingi, na watu watakuwa wameuzoea kabla haujafika kileleni.

Tena kitakachopatikana kwanza, kama kitapatikana, yaelekea kitakuwa kijiumbe kisichoonekana kwa macho. Hapo lipo swali ambalo wasikilizaji wangu hulipita haraka, nami hulipenda kuliko yote: je, kijiumbe hicho kina asili moja nasi, au kilianza peke yake? Mawe yamekuwa yakirushwa na migongano ya angani kutoka Mirihi hadi Duniani kwa mabilioni ya miaka, kwa hiyo kijiumbe cha Mirihi chenye vinasaba vya aina yetu huenda kikawa ndugu yetu aliyesafiri ndani ya jiwe, na tutakuwa tumejifunza machache tu kuhusu ulimwengu kwa jumla. Kikiwa na kemia tofauti kabisa, basi uhai utakuwa umeanza mara mbili kuzunguka jua moja, na itakuwa vigumu kuamini kwamba haukuanza kwingine katika galaksi yenye nyota zaidi ya bilioni 100. Ugunduzi huo haumgusi anayesema Mungu ndiye chanzo cha vyote. Unamgusa yule aliyeijenga hoja yake juu ya madai kwamba mwanzo wa uhai ni jambo lisiloweza kutokea mara ya pili, na kwa maoni yangu huyo alikwisha kujiweka pabaya kabla darubini haijaelekezwa popote.

Watu hudhani kwamba wanazuoni wa dini watashtukizwa. Mwaka 1277 Askofu Étienne Tempier wa Paris alilaani orodha ya kauli 219 zilizofundishwa katika chuo kikuu cha mji huo, na mojawapo ilikuwa ile iliyodai kwamba Mungu hawezi kuumba dunia nyingi. Kabla yake Fakhr al-Din al-Razi, mfasiri mkubwa wa Qurani, alikwisha kutetea kwamba Mwenyezi Mungu anao uwezo wa kuumba maelfu ya ulimwengu nje ya huu wetu. Msomaji wa Qurani pia anayo aya ya 29 ya Sura ya Ash-Shura, inayotaja miongoni mwa ishara za Mungu kuumbwa kwa mbingu na ardhi na viumbe aliowaeneza humo. Tamko la Kiarabu ni la uwili, yaani katika mbingu na katika ardhi pamoja, na neno linalotajia viumbe hao kwa kawaida humaanisha wanaotembea au kutambaa, ingawa wapo wafasiri waliowaona malaika ndani yake. Mapokeo ya Kihindu na ya Kibuddha yamezoea kuhesabu ulimwengu kwa wingi, na sioni watakachopoteza.

Ugumu halisi uko mahali pamoja pembamba, nao ni fundisho la Kikristo kwamba Neno alifanyika mwili, yaani Mungu alikuwa mwanadamu katika Yesu, mara moja, kwa ukombozi wa wote. Philip Melanchthon, mwenzake Martin Luther katika mageuzi ya Kiprotestanti, aliukataa wingi wa dunia kwa sababu hiyo hiyo, na mwandishi Thomas Paine, mkosoaji wa Ukristo, mwaka 1794 akaigeuza hoja hiyo kuwa dhihaka: je, Mwana wa Mungu azunguke akifa sayari baada ya sayari? Majibu yapo, na hayafanani. Mwanatheolojia Thomas wa Akwino alikwisha kufundisha katika karne ya 13, bila kuwafikiria watu wa sayari nyingine, kwamba uwezo wa nafsi ya kimungu haukuishia kwenye ubinadamu mmoja iliouchukua, yaani ingeweza kufanyika mwili zaidi ya mara moja. José Gabriel Funes, padri wa shirika la Wajesuiti, alipokuwa mkurugenzi wa kituo cha astronomia cha Vatikani mwaka 2008, alisema huenda sisi ndio kondoo mmoja aliyepotea katika mfano wa Yesu, na wale tisini na tisa hawakuwahi kumwacha mchungaji. Jibu hilo linanipendeza, lakini linatuhamisha kutoka katikati ya simulizi na kutuweka pembeni, na sidhani kila muumini atahama kwa furaha.

Yote haya yanahusu viumbe wenye akili, na hapo umbali unabadilisha kila kitu. Ishara ya redio ikitoka umbali wa miaka nuru 1,000, swali letu na jibu lao vitachukua miaka 2,000, muda unaolingana na umri wa Ukristo wenyewe. Tutajua kwamba wapo bila kujua wanaamini nini, na watu hawawezi kuvumilia ukimya wa namna hiyo bila kuujaza. Hofu yangu, nikilazimika kutaja moja, ni wingi wa imani kuliko upungufu wake.

Mwishoni mwa mwaka 1996 mpiga picha wa anga asiye mtaalamu alidai kuona kitu kinachofanana na Zohali nyuma ya nyotamkia Hale-Bopp, na uvumi ukaenea kwamba ni chombo cha wageni. Wanaastronomia walionyesha upesi kwamba ni nyota ya kawaida iliyokuwa imeorodheshwa tangu zamani. Machi 1997, huko California, wafuasi 39 wa kikundi cha Heaven's Gate, pamoja na kiongozi wao miongoni mwao, walijiua wakiamini wanakwenda kupanda chombo kinachoifuata nyotamkia hiyo.