Ukiota nyoka, Artemidorus anakuuliza kwanza we nani

Watu wakijua nasoma Wagiriki wa kale na mambo yao ya ndoto, swali ni lilelile, eti nikiota nyoka maana yake nini? Sasa ungempelekea Artemidorus, mwaguzi wa ndoto wa Efeso karne ya 2 BK, asingekujibu hapohapo, angeanza kukuhoji: kazi gani, una mali au mtumwa wa mtu, mzima au unaumwa, kwenu mila zikoje. Jamaa kaandika vitabu 5 na vyote tunavyo hadi leo, na anasema mwenyewe alizunguka Ugiriki, Asia Ndogo, Italia na visiwani, akakaa miaka na waaguzi wa sokoni, walewale waliokuwa wanaitwa matapeli, ili tu asikie ndoto na zilivyokuja kutokea.

Chukua huyo nyoka. Anataja wanawake 7 wajawazito, wote wameota wamezaa nyoka. Wa kwanza ana pesa, mtoto akasomeshwa akawa msemaji hodari, kwa sababu nyoka ana ulimi wa panda na pesa ndiyo inalipia shule. Mke wa kuhani akazaa kuhani, maana nyoka ni mnyama wa ibada. Mwingine mtoto akawa jambazi akakatwa kichwa, kwani nyoka akikamatwa anapigwa kichwani, na mtumwa naye akazaa mtoro, nyoka si haendi njia iliyonyooka! Aliyekuwa mgonjwa alipoota, mwanawe akapooza, maana nyoka akitembea anajivuta mwili mzima. Waliobaki nao kila mmoja na lake.

Ukiniuliza mimi, ni utamu wa kueleza jambo likishatokea, mtoto keshakuwa jambazi ndo unakumbuka kichwa cha nyoka, na Aristotle karne kama 5 kabla yake alishasema ndoto nyingi zinazotimia ni sadfa tu. Ila kuhoji mtu kwanza, hapo namvulia kofia, zile orodha za "nyoka = adui" zinazosambaa mitandaoni hata hazijafika huko.

Kitabu cha 5 ni ndoto 95 tupu pamoja na matokeo yake, mazoezi ya kazi kabisa. Hicho na cha 4 alimwandikia mwanawe, Artemidorus mwenzie, naye yuko kazi hiyohiyo, na akamwonya asigawe kopi hovyo, dogo awazidi waaguzi wengine.