Kambi si gereji, na padre si kamera

"Mwalimu, padre akishamwungamisha kijana wangu, naomba uniulizie kama alimtaja yule msichana."

Mama huyo ni wa Malaba, mtu wa jumuiya, rozari haimtoki mkononi. Kijana wake yuko S.3, yaani kidato cha tatu. Nilimjibu kwa adabu. Lakini ni mzazi wa nne tangu shule zifunge mwezi huu wa tano, na adabu yangu si kisima.

Kambi yetu ya likizo kwa vijana Wakatoliki, hapa mashariki mwa Uganda, wageni kutoka Ulaya huiita kambi ya kiangazi. Kiangazi kipi? Tororo mwezi wa tano ni matope mpaka kwenye sakristia. Na hao wanaodhani tunawasalisha watoto kutwa nzima, waje waone foleni ya bomba saa kumi na mbili kasoro robo. Maji ndiyo mkuu wa kambi. Masifu ya asubuhi robo saa, nusu yao wakiimba macho yamefumba. Misa, uji, mafundisho, kufua, posho na maharage, mpira. Rozari tunasali tukitembea, maana wakikaa wanasinzia. Usiku kuabudu nusu saa. Ukijumlisha sala zote hazizidi muda wa saa mbili na nusu. Simu tunazifungia ofisini, hilo silijadili.

Sasa kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre. Mzazi analeta mtoto kama anavyopeleka bodaboda kwa fundi: kagua, rekebisha, nipe ripoti. Ripoti haipo. Kanuni ya 983 ya sheria za Kanisa inamkataza padre kumsaliti aliyeungama, kwa neno au kwa namna nyingine yoyote, kwa sababu yoyote ile. Akiuvunja muhuri huo wa siri ya maungamo waziwazi anatengwa na Kanisa papo hapo, na wa kumwondolea adhabu hiyo ni Roma. Kwa hiyo unaponiomba "nimdodose kidogo tu", unaniomba nimtafutie padre wetu balaa kwa ajili ya msichana wa S.2.

Hilo wengi wanalijua, ingawa wanajaribu bahati. Linaloniudhi zaidi ni hili la pili: "Basi angalau hakikisha ameungama." Hapana. Naweza kupanga saa, kuweka viti viwili chini ya mwembe, kuwafundisha namna ya kutafiti dhamiri. Siandiki majina ya waliokwenda. Mwaka mmoja msaidizi wangu aliandika, kwa nia njema kabisa, tena kwa rula. Niliichana ile karatasi. Mtoto akijua anahesabiwa atakwenda, naam, atataja kwamba alimtukana mdogo wake, na lile jiwe lililomlemea atarudi nalo nyumbani vilevile.

Kuna jambo dogo zaidi ya hapo. Kanuni ya 985 inasema gombera, yaani mkuu wa seminari, asiwaungamishe wanafunzi wanaoishi naye nyumba moja, isipokuwa wenyewe wameomba kwa hiari. Haizungumzii kambi, lakini mimi nimeiazima. Padre anayekaa nasi, anayegawa adhabu ya kuosha masufuria, hakai chini ya mwembe. Tunamwomba padre wa parokia nyingine, ambaye kesho hatawaona. Foleni yake huwa ndefu, na hiyo inaniambia kitu.

Wazazi hupenda kunitajia Kizito, yule shahidi mdogo wa Uganda: "Nataka awe kama Kizito." Vema. Kizito alikuwa na miaka kama 14 alipochomwa Namugongo mwaka 1886, na ubatizo aliuomba mwenyewe, tena na tena. Hakuna aliyemshika sikio.

Nami nina mashaka yangu. Usiku wa mwisho huwa tunawasha moto, tunaimba, na wanalia. Wanalia kweli. Zamani niliita neema. Siku hizi najiuliza ni neema kiasi gani, na kiasi gani ni usingizi wa siku sita waliokosa. Wapo niliowaona wiki mbili baadaye pale stendi ya Busia, nao wakajifanya hawanijui. Yupo pia mmoja aliyekaa kambi nzima kanuna, hakuungama, hakuimba, akaja baada ya miaka miwili kuniomba nimwandikie barua kwa paroko. Sijui tulimfanyia nini. Pengine hatukumfanyia kitu.

Kijana wa Malaba? Jana zamu yake ilikuwa kuchota maji, na alijaza mapipa yote mawili bila kusukumwa. Hiyo ndiyo ripoti niliyomtumia mama yake. Amejibu: "Na yule msichana?"